Kisa cha Mgonjwa na Isnadi Yake

Siku hizi hapana mji wa pwani usiopitiwa na mtu mwenye daftari na kalamu, au mwenye simu ya kuandikia majibu, akipiga hodi na kuuliza khabari za hospitali: mlikwenda lini, mlipokewaje, dawa mlipata, mlilipa kiasi gani. Wengine hutumwa na Wizara, wengine na vyuo, wengine na mashirika yenye fedha za ng'ambo. Wengi wao hutafuta hesabu: nyumba mia tano, maswali arubaini, kisha jumla. Lakini wako wasiotafuta hesabu. Hao huchukua zahanati moja, au wodi moja, au mauti ya mtu mmoja, wakaifuata khabari yake tangu mwanzo mpaka mwisho, wapate kujua huduma ilikwendaje na ilikatikia wapi. Kazi hiyo wataalamu huiita uchunguzi wa kisa. Nataka niizungumze leo, kwani yatuhusu sisi wenye nyumba kuliko tunavyodhani.

Wako wasomi wanaoidharau. Husema kisa kimoja ni ngano tu, na elimu ni hesabu. Mimi sikubaliani nao. Kabla ya kustaafu niliandika madaftari ya hospitali miaka 22, nami nimeona hesabu zenye jumla sahihi kabisa ambazo hazikumweleza mtu yeyote kwa nini chumba cha damu hufungwa saa kumi alasiri na ufunguo ukaenda nyumbani kwa mtu. Jambo kama hilo hulijui ila kwa kufuata kisa. Lakini yapasa tukiri kwamba kisa kilichoandikwa vibaya kina dhara kubwa kuliko hesabu mbaya, kwani hesabu haina uso, na kisa kina uso, kina nyumba, kina mama mkwe na jirani.

Mwaka 2016 alifariki mke wa mpwa wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alijifungua salama katika zahanati ya mtaani baada ya Magharibi, mtoto akalia, kisha damu ikawa haikatiki. Mkunga alifanya aliloweza, na kabla ya Isha akaandika barua ya rufaa. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini na mgonjwa mwingine. Dada yangu, ambaye ndiye mavyaa yake, hakungoja. Alimwamsha jirani mwenye gari la kuchukulia samaki, wakamlaza humo juu ya godoro. Hospitali kubwa walifika saa nne kasorobo usiku. Damu iliagizwa mara ile ile. Ilifika kitandani saa tisa. Alfajiri ilipoadhiniwa alikuwa ameshafunikwa.

Baada ya miezi kadhaa ukaandikwa uchunguzi juu ya huduma za wazazi katika hospitali ile, na kisa chake kikawamo, bila jina lakini kwa alama ambazo mtaa mzima ulimtambua. Iliandikwa mle kwamba mgonjwa alichelewa kwa sababu jamaa zake walingojea ruhusa ya mume, kama ilivyo dasturi ya watu wa pwani. Mume wenyewe alikuwa Muscat, kazini, na ruhusa alikuwa ameiacha tangu siku ya kuondoka, pamoja na fedha za gari. Maneno yale yalisomwa katika semina. Yakazaa mpango wa mabango na mihadhara ya kuwaonya waume. Ufunguo wa chumba cha damu haukutajwa popote.

Nilitaka kujua yule kijana mwandishi aliyapata wapi maneno hayo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, msomi, mwenye adabu. Aliulizwa, naye akajibu bila kuficha: ameambiwa na nesi. Nesi yule namfahamu kuwa ni mkweli. Lakini zamu yake ilikuwa ya asubuhi. Usiku ule hakuwapo. Naye alisikia kwa mwenziwe, na mwenziwe akakisia.

Hapa msomaji aliyekaa darasani msikitini ameshajua ninakokwenda. Wanazuoni wetu wa hadithi walikwisha kuliona tatizo hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walisema khabari haiwi sahihi kwa uzuri wa maneno yake, wala kwa wema wa msimulizi wa mwisho peke yake. Mnyororo lazima uungane, kila pete imepokea kwa pete iliyo juu yake. Kila msimulizi awe mwadilifu, tena mwenye kuhifadhi vizuri, maana wako watu wema wenye kumbukumbu dhaifu. Khabari isipingane na ya walio madhubuti zaidi. Wala isiwe na ila iliyojificha ndani. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, alishika zaidi: hakutosheka kwamba wawili waliishi zama moja, alitaka ithibitike kuwa walikutana. Imamu Muslim alitosheka kuwa waliishi zama moja na kukutana kwao kunawezekana. Hata kwa sharti hili jepesi la Muslim, kisa cha mke wa mpwa wangu kilikuwa munqatii, kimekatika katikati, kwani nesi wa asubuhi hakuwa na njia ya kuyaona ya usiku.

Sisemi kwamba maneno ya nesi yalinganishwe na maneno ya Bwana Mtume (s.a.w.), hasha. Daraja ni mbalimbali. Lakini amri ya kuipeleleza khabari kabla ya kuwadhuru watu kwayo, iliyomo katika Suratul Hujurat aya ya 6, haikuhusishwa na khabari za dini peke yake.

Basi nilipokuja kusoma yanayofundishwa vyuoni juu ya uchunguzi huu, nilicheka kwa furaha. Yuko mtaalamu wa Marekani aitwaye Robert Yin, ambaye kitabu chake juu ya uchunguzi wa kisa kilitoka mara ya kwanza mwaka 1984, na mwaka 1999 akaandika makala mahsusi juu ya kuuboresha uchunguzi huo katika huduma za afya. Mambo anayoyashikilia ni kwamba ushahidi utoke katika njia zaidi ya moja, kama vile mahojiano, madaftari na kuona kwa macho; kwamba pawe na mnyororo wa ushahidi, hata mtu mwingine aweze kutoka kwenye uamuzi wa mwisho akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka neno la kwanza lililosemwa na aliyelisema; na kwamba mchunguzi ayatafute yeye mwenyewe maelezo yanayopingana na maelezo yake, ayapime kwa haki. Silsila hiyo! Ndugu zetu wa huko wameifikia kwa njia yao, na hikima ni haki yetu kuichukua popote tuipatapo.

Hili la mwisho, la kutafuta maelezo yanayopinga, ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linaloachwa. Mtu akishapata sababu moja inayoingia akilini, khasa sababu inayowalaumu wanyonge, huona kazi imekwisha. Abubakar Muhammad bin Zakariya Ar-Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad aliyefariki yapata mwaka 925, hakuwa hivyo. Ameacha visa vya wagonjwa wake mmoja mmoja, na mashuhuri mojawapo ni kisa cha mtu aliyekuwa akipatwa na homa za kuja na kuondoka bila mpango. Ar-Razi hakukimbilia jawabu moja. Alisema ama ni homa itakayogeuka ya kila siku ya nne, ama ni jipu katika figo, akayaweka yote mawili mbele yake. Haukupita muda mrefu mgonjwa akatoa usaha katika mkojo, ikajulikana. Naye akaandika hata yale ambayo lau angaliyajua mapema yangalimwongoza.

Na huko London mwaka 1854, kipindupindu kilipoua watu zaidi ya 500 kwa siku kumi katika mitaa michache ya Soho, wakubwa wengi walisema ni hewa chafu. Daktari John Snow alisema ni maji ya pampu ya Broad Street. Nguvu ya hoja yake haikuwa katika idadi ya waliokufa karibu na pampu, kwani hewa chafu nayo ingeweza kuua karibu. Ilikuwa katika visa vilivyotoka nje ya mpango. Palikuwa na nyumba ya maskini iliyozungukwa na vifo, na wengi wa waliomo wakasalimika. Ilikuwa na kisima chake. Palikuwa na wafanyakazi wa kiwanda cha pombe pale pale mtaani, hawakufa. Hawakuyanywa maji ya pampu ile. Na palikuwa na mjane aliyeishi mbali, Hampstead, akafa. Ikaulizwa, ikaonekana kwamba alipenda maji ya Broad Street na akiletewa kwa gari. Hewa ya Soho haikumfikia mjane yule. Maji yalimfikia.

Lakini mtu ninayempenda zaidi katika kisa hiki ni kasisi wa mtaa, Henry Whitehead. Yeye hakumwamini Snow. Aliwajua watu wa mitaa ile kwa majina, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba ili ambatilie maneno yake. Akarudi katika nyumba zile zile tena na tena, maana aliyefiwa leo hawezi kukumbuka vizuri leo. Kadiri alivyouliza ndivyo alivyoona kwamba Snow alisema kweli, na akalisema hilo hadharani. Tena ni yeye aliyegundua mtoto mchanga wa nyumba nambari 40, aliyeugua kabla ya wote, ambaye maji ya nepi zake yalimwagwa katika shimo lililokuwa karibu sana na kisima cha pampu, na shimo lile likivuja. Mpinzani mwaminifu anayejua mlango wa kila mtu ana faida kuliko wasaidizi kumi wanaokubali kila neno.

Hata kwetu liko la kutaja. Daktari James Christie, Mskoti aliyekaa Unguja zama za Masultani, aliandika kitabu juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki kikatoka mwaka 1876. Njia ya maradhi yale kutoka bara mpaka pwani hakuiona kwa macho yake. Aliipata kwa kuwauliza watu wa misafara na wafanyabiashara, mmoja mmoja, na kuyapatanisha maneno yao. Mwaka 1872 alikuwa ameshaandika juu ya homa ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, ambayo mpaka leo twaiita kidingapopo, na wazee wa Unguja walimweleza kwamba maradhi yale waliyaona tangu ujana wao. Hakuwapuuza kwa kuwa si madaktari.

Sasa nirejee kwenye nyumba zetu, kwani na sisi tuna upungufu wetu. Mchunguzi akija, wengi wetu husema: ajali imefika, tumemwachia Mungu, hatuna la kusema. Maneno mazuri, na subira ni ibada. Lakini qadar si kifuniko cha kufunikia kila chungu. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa huko kuna tauni, hakusema limeandikwa na litakuwa. Aliwaita Muhajirina kwanza, akawauliza, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka. Hao wakaafikiana warudi. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia qadar ya Mungu, alimjibu kwamba anatoka katika qadar ya Mungu kwenda katika qadar ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia kati ya ukingo wa bonde wenye majani na ule mkavu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo walipokuwa wakishauriana, naye ndiye aliyekuwa na hadithi ya Mtume (s.a.w.) juu ya jambo lile lile. Tazama: makundi matatu yameulizwa mbalimbali, wala hayakukusanywa pamoja mkubwa akayanyamazisha madogo, na ilimu yenyewe ilikuwa kwa mtu ambaye hakuwapo barazani. Ningependa kila mwenye kuchunguza hospitali aanze kwa kujiuliza: Abdurrahman wangu yuko wapi? Katika kisa chetu alikuwa ni dereva wa gari la samaki. Hakuna aliyemuuliza, naye ndiye aliyeitazama saa.

Wengine hunyamaza kwa kuogopa kusengenya. Hili nalo wanazuoni wamelifafanua. Imamu Nawawi ametaja mambo sita ambayo kumtaja mtu kwa kasoro yake kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kumshitakia mwenye uwezo, na kutaka msaada wa kuliondoa baya. Kueleza kwamba damu ilichukua saa tano si kusengenya. Lakini kusema kwamba jamaa walichelewa hali hawakuchelewa ni zaidi ya kusengenya, ni buhtani.

Kusitiri nako kuna mahali pake, na uchunguzi mzuri hukuzingatia. Uingereza na Wales zimekuwa na utaratibu wa siri wa kuchunguza vifo vya wazazi tangu mwaka 1952: kila kifo ni kisa, majina yanaondolewa, na wanaopitia hawatafuti wa kumfunga, wanatafuta palipokatika. Shirika la Afya la Dunia lilitoa mwongozo mwaka 2004 wa kuzieneza njia kama hizi, zikiwemo mahojiano nyumbani kwa marehemu na mapitio ndani ya hospitali. Kenya imewahi kufanya uchunguzi wa siri wa namna hii juu ya vifo vya mwaka 2014, na Tanzania nayo ina utaratibu wake wa kupitia vifo vya wazazi na watoto wachanga. Majina yafichwe, ndiyo. Saa zisifichwe.

Wachunguzi wa mambo haya hupenda kuzigawa ajizi tatu, tangu makala mashuhuri ya Thaddeus na Maine ya mwaka 1994: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ni mgawanyo mzuri. Hatari yake ni kwamba ajizi ya kwanza iko nyumbani kwa mtu asiye na sauti, na ya tatu iko ofisini kwa mtu aliyempa mchunguzi kiti na chai.

Madaftari nayo yasiabudiwe. Najua ninalolisema, nimeyaandika. Daftari la wodi ya wazazi huweza kujazwa mwisho wa zamu, kwa kukumbuka, na ukiona mistari sita ya saa mbalimbali imeandikwa kwa wino mmoja na mkono usiotikisika, jua hiyo ni ila. Karatasi nayo ina msimulizi. Ndiyo maana lazima ikutanishwe na barua ya rufaa, na kitabu cha chumba cha damu, na maneno ya mtu aliyekuwa mlangoni.

Na mtu akiuliza kisa kimoja chafaa nini, namjibu hivi. Jahazi likizama, hakuna nahodha atakayesema majahazi yote yatazama. Lakini fundi atalitazama lilipofumukia, atauliza kalafati yake ilikuwa ya nini na ilitiwa lini, kisha atakwenda kuyatazama mengine mahali pale pale. Na fundi hodari atalitazama pia jahazi lililopigwa na dhoruba ile ile likarudi salama. Katika hospitali ile, wiki ile ile, mama mwingine alitokwa na damu vivyo hivyo akapona. Aliingizwa saa nne asubuhi, ufunguo ukiwa mahali pake. Visa hivi viwili vingewekwa ubavu kwa ubavu, lile neno la ruhusa ya mume lisingesimama hata ukurasa mmoja.

Dada yangu hakutaka fidia, wala hakutaka mtu afukuzwe. Alitaka mstari ule uondolewe. Tuliandika barua, tukajibiwa kwamba kazi imekwishachapishwa. Lau angalisomewa kabla ya kuchapishwa, kama wafanyavyo wachunguzi waangalifu, ingalitosha dakika moja. Mwaka 2019 alifariki mama mwingine pale, na safari hii kikao cha kupitia kifo chake kilimwita mkunga wa zamu ya usiku, na mlinzi wa lango, na mume wa marehemu, kila mmoja kwa wakati wake. Tangu hapo ufunguo wa chumba cha damu hukaa kwa nesi wa zamu.

Basi mama zangu na dada zangu, anapokuja mwenye daftari mkaribisheni. Muulizeni ametumwa na nani, na maneno yenu atayapeleka wapi, na kama atarudi kuwasomea aliyoyaandika. Kadi ya kliniki na barua ya rufaa msizitupe baada ya matanga. Andikeni saa, hata nyuma ya kalenda: saa ya uchungu, saa ya gari, saa ya kufika, saa ya daktari. Anayetaka kujua ya usiku muonyesheni aliyekesha. Na akiuliza jambo ambalo nyinyi hamkuliona, msilikisie. Mwambieni nani aliliona, na nyumba yake iko wapi.